Niliiita Dawa ya Kucha

Nakumbuka siku moja ya jua kali pale Nyamagana, mwanangu, nilipokosea neno moja tu, na neno hilo likaunguza mkono wa mtu. Nimechoka kulisimulia. Lakini kila nikiwaona mkipita mitaani na vikapu vya rangi za kucha, asetoni mmeitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, najua sina budi kusema tena.

Nilikuwa msichana wa saluni, ulimi mwepesi kuliko akili. Asetoni, ile ya kufutia rangi, tuliinunua kwa dumu kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipodozi, tukaigawa kwenye vichupa vilivyokwisha dawa ya kikohozi. Mzee hakuchoka kutuambia, "Binti, andika jina juu yake." Tulimcheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu halikuwa langu.

Akaja Bibi Kabula kutoka Usagara, amemsindikiza mjukuu wake aliyekuwa karibu kuolewa. Kidole cha bibi kilikuwa kimevimba, usaha umejaa pembeni mwa ukucha. Akaniona nafuta rangi.

"Mjukuu, hiyo ni nini?"

"Dawa ya kucha, bibi."

Si ndivyo tunavyosema? Dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya meno, kwetu kila kitu dawa. Akaniomba kidogo, nikampa kichupa, wala sikumuuliza cha nini. Nilikuwa na haraka ya wateja.

Nyumbani alichovya kidole. Kilimuuma hadi machozi, akavumilia, akijua dawa kali ndiyo inayoponya. Kesho yake akaimimina kwenye kikombe ili aipashe moto, kama alivyozoea kupasha mizizi. Kabla hajakifikisha jikoni, mvuke ulikwisha kutangulia motoni. Moto ukamrudia mkononi.

Nilimkuta wodini. Nikapiga goti, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Unisamehe, nakupa mkono wa kushoto."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi! Kisha akasema polepole, "Nilikuuliza, ukaniambia dawa." Basi. Hakunitukana, na hadi leo natamani angenitukana. Mkono ule wa kulia haukushika jembe tena.

Sikia basi, mwanangu. Asetoni si dawa. Inayeyusha rangi, na mafuta ya ngozi yako inayaondoa pia, ndiyo maana kucha hupauka. Ukimaliza, nawa, ujipake mafuta. Mvuke wake huuoni, ni mzito, hutambaa chini hadi ulipo moto. Fungua madirisha, jiko na kiberiti viwe mbali. Hata ile iliyoandikwa "haina asetoni" huwaka vilevile, usidanganyike na karatasi. Penye kidonda usiitie kamwe. Na kwenye chupa ya maji itoe leo hii, maana mtoto mwenye kiu hanusi kwanza. Mtu akikuuliza ni nini, weka brashi chini, mweleze mpaka aelewe, hata kama foleni inanung'unika. Majuto ni mjukuu, na huyo wangu amekua, habanduki kwangu hata siku moja.

Mungu akupe wateja wengi, mwanangu, na akuepushe na siku ya kumtazama hata mmoja wao wodini.