Mikono Iliyozoea Kuvuta

Jumamosi moja huko Homa Bay naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya upya. Nakusimulia kwa sababu nimesikia unajiandaa kwenda kumwona mwenzako aliyepasuliwa moyo. Keti kwanza. Hospitali haihami.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye shingo nene na mdomo mwingi, nikichimba dhahabu kwenye machimbo ya Macalder, Migori, pamoja na rafiki yangu Ouma. Shimo letu lilikuwa jembamba. Mmoja wetu alishuka na nyundo, mwingine akabaki juu. Aliyekuwa chini alipopanda na kukaribia mdomo wa shimo, aliinua mikono yote miwili na kusema, "Niko." Basi yule wa juu aliishika na kumtoa kwa mvuto mmoja. Ukisikia neno hilo huulizi swali, unavuta. Maisha ya kila mmoja wetu yalikuwa mikononi mwa mwenzake, na mimi nilijivunia sana mikono yangu.

Kisha Ouma akaanza kuishiwa na pumzi. Mimi, Mungu anisamehe, nilimcheka nikasema amekuwa mvivu tangu aoe. Kumbe mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi sawasawa tangu utotoni. Akapelekwa hospitali kubwa mbali na kwetu, akafunguliwa kifua, mlango huo ukatengenezwa. Alipopata nafuu kidogo wakamleta Homa Bay alazwe karibu na mama yake, Min Ouma, aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Kisegi.

Jumamosi hiyo nilitoka Migori baada ya ibada ya Sabato. Nilimkuta Ouma amekonda, amelala chali, amekumbatia mto mdogo kifuani. Nikamtania kwamba amepata mke wa pili. Akacheka, kisha akaubana ule mto na kuuma meno kwa maumivu. Ilinipasa kuelewa palepale, lakini kijana mwenye nguvu haelewi haraka.

Tulipiga soga kidogo. Halafu akataka kuketi. Akainua mikono yake miwili, akaniambia, "Niko."

Mwanangu, sikufikiri. Niliishika nikavuta.

Alipiga ukelele hadi wagonjwa wa vitanda vya mbali wakainuka. Sista wa wodi, mama mmoja Mkuria wa upande wa Kehancha, alikuja mbio.

"Wacha hiyo mikono! Hiyo mfupa ya kifua ilikatwa katikati, imefungwa na waya. Ukivuta mikono unaifungua!"

"Ni yeye ameniomba, sista."

"Na wewe ukiombwa unavuta tu?"

Nikaiachia mikono yake. Wakamsukuma kwenda kupigwa picha ya kifua. Mimi na Min Ouma tukabaki kwenye benchi la nje. Mapema daktari alikuwa amemweleza mama huyo kwamba mwili wa mwanawe hauwezi kustahimili kupasuliwa tena, na sasa kama mfupa umeachana, ingebidi apasuliwe tena. Nilitaka anitukane, lakini hakunitukana. Alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Owiti, nyathina," alisema mwishowe, kwa maana mimi nilikuwa mtoto wake pia, "najua unampenda. Huko shimoni alikuhitaji hivyo. Hapa si shimoni. Mimi nilimzaa, na hapa simshiki mpaka niulize."

Wakamrudisha. Waya zilikuwa zimeshika, mfupa haujasogea. Nililia mbele ya wodi nzima, na sijutii machozi yale.

Baadaye sista aliniita nitazame. Alimwonyesha Ouma jinsi ya kukunja magoti, kugeuka kwa ubavu huku ameukumbatia mto, kushusha miguu, kisha kuinuka bila kuegemea mikono. Yeye mwenyewe aliweka kiganja nyuma ya bega lake tu. Mimi akaniambia, "Wewe kaa hapo, tumuone."

Nikakaa, nikaikalia mikono yangu, maana ilikuwa ikitaka kuruka. Ouma alijaribu, akarudi kitandani. Akajaribu tena, jasho likamtoka, akarudi. Ilichukua muda mrefu kuliko kutoka katika shimo lolote la Macalder. Mara ya tatu akaketi wima, miguu sakafuni, akanitazama.

"Niko," akasema.

Na mimi, mikono bado chini ya mapaja, nikamjibu, "Nakuona."

Ouma yu hai. Analima viazi vitamu na anaringa kuliko zamani. Lakini kila tukikutana mimi husubiri anyooshe mkono kwanza, naye hunicheka kwa hilo.

Basi nenda kamwone mwenzako. Usimfanyie leo kile ulichomfanyia alipokuwa mzima, hata akikuomba kwa mazoea. Waulize wanaomwuguza kabla hujamgusa. Wakikuambia ukae, kaa, wala usione aibu kwamba hufanyi kitu. Atakapohangaika kuinuka moyo wako utauma. Uache uumie, lakini usimnyang'anye kuinuka kwake.

Mungu amponye mwenzako, akuongezee nguvu mikononi, na akupe subira ya kuikalia. Na siku nitakapolazwa mimi, mwanangu, njoo. Usinivute. Niambie tu kwamba unaniona.