Bahari Ndani ya Pipa

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, Kemilembe mwanangu, na hilo usimwambie mume wangu. Mambo yake yalianza majira ya masika, mtaa wa Bilele, hapa Bukoba mjini. Konda wa basi la Dar es Salaam alisimama mlangoni kwa Bi Saada, mwenye nyumba wangu, akatua madumu matupu kibarazani, akasema kwa adabu lakini kwa mkato, "Mama, utusamehe. Maji yako hatubebi tena. Yamevuja kwenye buti, chumvi imeharibu mizigo ya abiria. Bosi amekataa kabisa."

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinitumia picha ya tangi la kioo ulilonunua, ukaniandikia: "Shangazi, samaki wa baharini wanafika wiki ijayo, nifundishe kutengeneza maji yao." Nilisoma, nikaweka simu mezani, nikaenda kumenya ndizi ili nisikujibu kwa hasira. Wiki ijayo! Basi kabla sijakufundisha kupima chumvi, kaa kitako unisikilize. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nawe miguu yako ni mizuri.

Wakati ule nilikuwa msichana, nimetoka chuoni kusomea uvuvi, sina kazi. Nilipanga chumba uani kwa Bi Saada. Yeye alikuwa mtu wa Pangani, aliyeletwa Bukoba na ndoa akiwa kigori, akazaa, akazika mume, akabaki. Miguu ilipomwishia nguvu na safari ya pwani ikawa haiwezekani tena, mwanawe wa Dar alimletea tangi kubwa la kioo na samaki wa baharini. "Kama mama haendi baharini," alisema, "bahari itamfuata." Samaki wenyewe Bi Saada aliwapa majina ya ndugu zake wa Pangani. Wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe walikuwa Zuhura na Tatu, dada zake. Yule mkubwa mweusi mwenye doa jeupe kila ubavu, anayefukuza wenzake wakati wa kula, alikuwa Mjomba.

Samaki wa namna hiyo, mwanangu, maji yao hayana budi kupunguzwa na kuongezwa mapya mara kwa mara. Uchafu wao wenyewe huwageukia sumu. Na maji mapya yalikuwa yakitoka Dar kwa basi. Sasa basi limekataa.

Majirani walijaa huruma na ushauri. Mmoja alisema, "Ziwa si hili hapa? Teka ndoo, tia chumvi ya mboga." Sikucheka. Nilimweleza Bi Saada kwamba chumvi ya mezani ni chumvi tu, lakini bahari ina chokaa na madini mengine mengi ambayo samaki wale wameyazoea tangu mayaini. Ipo chumvi iliyotengenezwa makusudi kwa matangi kama lile. Ukipata chumvi hiyo, ukapata na maji safi yasiyo na dawa wala kutu, unaweza kuikoroga bahari nyumbani.

Bi Saada akauliza, "Unaweza, au umesoma kwamba inawezekana?"

"Nimesoma, na nitaweza."

"Haya. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Anza."

Nikaanza. Jambo la kwanza lilikuwa mapipa. Nilizunguka soko lote nikiinamia mapipa na kuyanusa kama mbwa wa polisi, wauzaji wakinitazama kwa mashaka. Lililonuka mafuta nililikataa, lililonuka dawa ya shamba nililikimbia. Nikapata mawili ya plastiki yaliyokuwa na juisi, nikayasugua mpaka hata nzi hawakuyataka. Moja la maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, moja la kukorogea. Maji ya mvua sikuyataka, maana mabati yetu yana madini yanayodhuru. Bi Saada alikuwa na chujio la maji ya kunywa, lile lenye utando mwembamba ndani, ambalo hutoa maji tone kwa tone. Likageuzwa kuwa la samaki, sisi wenyewe tukarudia kuchemsha maji yetu ya kunywa. Bandu bandu huisha gogo, na tone tone hujaza pipa, lakini waitu, jamani, yataka moyo kulitazama!

Chumvi ilitoka Dar kwa mwanawe ikiwa kwenye ndoo, ikapita Mwanza, ikashushwa na meli bandari ya Kemondo. Nilikwenda kuichukua mwenyewe. Wapakuzi wa mizigo waliposikia ndani ya ndoo zile mna nini, mmoja alipaza sauti, "Njooni mwone! Huyu dada kaagiza chumvi kutoka pwani aje kuitia maji!" Walicheka mpaka wakashika viuno. Mimi nilibeba ndoo zangu hadi barabarani bila kugeuka. Dua la kuku halimpati mwewe.

Habari hizo zilinitangulia kufika kwetu Kishanda. Mwanzoni mwa wiki Taata, yaani babu yako, akatokea Bilele na mkungu wa ndizi begani. Alisalimia, akatua mkungu, akakataa kiti.

"Jovitha, nimekuja tuondoke. Watu wa Kishanda wananiuliza binti yako kasomea nini. Nikawajibu kukoroga chumvi?"

"Taata, nikimaliza kazi hii nitakuja."

"Kazi gani? Nani kakuajiri?"

Kwa kweli hakuna aliyeniajiri. Nilimwonyesha tu kule uani: pipa la maji matamu limekaa juu ya benchi nililolipigilia mwenyewe, ili maji yashuke yenyewe kwa bomba hadi pipa la chini, pasiwe na kubeba ndoo. Taata alilizunguka benchi lile. Akalisukuma kwa kidole. Likayumba.

"Hili likijaa litakuua," alisema. Akavua koti. "Niletee nyundo. Hata kama ni upumbavu, upumbavu nao usimame wima."

Ndivyo babu yako alivyokuwa. Alikuja kunichukua, lakini hakuweza kupita kando ya kazi mbaya akaiacha. Akashinda akipigilia miguu ya benchi, nami sikumkumbusha habari ya kuondoka.

Alfajiri iliyofuata nilifungulia maji yaliyokwisha kukusanyika yashuke. Nikatia hita, kwa sababu Bukoba hii yetu ni baridi kwa samaki wa pwani. Nikatia pampu ndogo ya kuyazungusha. Yalipopata joto nikaanza kumwaga chumvi, kikombe kwa kikombe, huku yakizunguka. Na kumbuka, chumvi hutiwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya chumvi, madini yake huganda yakawa chokaa chini, na hapo umepoteza vyote viwili. Maji yakawa meupe kama uji wa muhogo. Nilimwambia Bi Saada, aliyekuwa ameletewa kiti uani, "Haya bado ni makali. Yaache yazunguke mpaka kesho, yatakate, nipime tena. Leo hayamfai kiumbe."

"Umesema kesho," akajibu.

"Nimesema kesho."

Mchana, baada ya chakula, nikasikia ananiita ndani kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilikimbia. Zuhura na Tatu walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi, wakihema. Mjomba amelala ubavu chini kwenye mchanga, shavu lake linafunguka na kufungika polepole. Yale maji ya zamani yalikuwa yamewachosha.

Mwanangu, mimi nilikuwa ndiye msomi wa mambo hayo nyumbani mle, na elimu yote ilinitoka. Nilichukua ndoo, nikaenda uani, nikaichovya kwenye lile pipa la uji mweupe, nikarudi mbio. Taata alisimama pembeni akiwa na nyundo mkononi, hajui ashike upande gani.

Bi Saada aliinua mkongojo akaulaza mbele yangu, juu ya ukingo wa tangi.

"Weka chini hiyo ndoo."

"Bi Saada, wanakufa!"

"Nawaona. Macho yangu hayajafa. Nakuuliza: asubuhi uliniambia maji haya hayamfai kiumbe. Yameiva sasa kwa sababu tunalia?"

Nilitazama ule weupe ndani ya ndoo.

"Nijibu, binti. Yameiva?"

"Hayajaiva."

"Basi weka chini. Haraka ya huruma nayo ni haraka. Unadhani unawaokoa wao, kumbe unajiokoa wewe, ili usisimame hapa ukitazama. Simama utazame. Kisha uniambie kipi kinaweza kufanyika kwa haki."

Nakuapia, Kemi, hakunipigia kelele. Laiti angepiga, ningebishana naye. Aliyasema kwa utulivu huku akiwatazama Zuhura na Tatu, na ndipo nilipokumbuka kwamba samaki wale walikuwa wake, walikuwa jamaa zake, mimi ni mpangaji tu.

Niliweka ndoo chini. Akili ikarudi. Nikasema kinachowezekana ni kuwapa hewa: tuchote maji ya tangi kwa bakuli na kuyamwaga kutoka juu, yapasuke, yashike pumzi. Na tusiwape chakula. Tukaanza. Mimi nilichota mpaka mkono ukafa ganzi, Taata akanipokea bakuli bila kuambiwa, akachota, nami nikampokea tena. Mzee wa migomba na kahawa, ambaye maishani mwake hakuwahi kuiona bahari, akiwanywesha pumzi samaki wa Pangani! Bi Saada alikaa kando akitaja majina yao taratibu, kama mtu anayewaita wagonjwa wasilale.

Zuhura na Tatu walishikilia. Mjomba hakuweza. Kabla ya adhana ya magharibi shavu lake lilisimama.

Bi Saada alitaka apewe. Nilimtoa kwa mikono miwili, nikamweka kwenye kitambaa juu ya mapaja yake. Machozi yalimtiririka, na hakuyafuta. Nilingoja aniambie kwamba ndoo ile ingemwokoa. Alisema tu, "Maji ya pipa yanaendeleaje?"

Asubuhi pipa lilikuwa limetakata, unaona mpaka chini kama kisima cha jiwe. Nikapima kwa kipimo cha chumvi, kile kinachoelea majini, chumvi imekaa mahali pake. Nikapima joto, limelingana na la tangi. Hata hivyo sikumwaga. Nilitoa maji ya zamani kidogo, nikayaingiza mapya kwa mpira mwembamba, kidogo kidogo, nikapumzika, nikarudia, na siku zilizofuata hivyo hivyo. Zuhura alishuka kutoka juu kwanza. Kisha Tatu. Siku waliyokula tena, Bi Saada alimtuma mtu Kishanda ampelekee Taata habari, na kilo ya tende.

Utaniuliza, je, ile ndoo ingemwokoa Mjomba? Mimi mwenyewe nimejiuliza miaka mingi. Sijui. Najua kwamba maji yale makali, tena yenye madini yasiyoyeyuka, yangewachoma wale wawili waliokuwa bado wana nguvu ya kungoja. Hayo ndiyo ninayoyajua, na yananitosha kulala usingizi.

Tangu hapo pipa la kukorogea halikukaa tupu kwa Bi Saada. Maji yalitengenezwa kabla hayajahitajika. Na mimi, ambaye sikuajiriwa na mtu, nilianza kuitwa kwenye mabwawa ya samaki huku na huku, Muleba na vijijini, kwa sababu ilisemekana yupo binti anayejua maji na hatishiki. Taata akawa anawaambia watu wa Kishanda kwamba benchi lile alilipigilia yeye. Alilisema hilo hadi alipofariki.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Mpigie leo hii huyo anayekuletea samaki, umwambie angoje. Atanuna, mwache anune. Tafuta kwanza mapipa, uyanuse. Weka chujio, weka pampu na hita, jenga benchi la kubeba uzito, halafu mwite fundi mkali kuliko wewe alisukume. Koroga bahari yako, ingoje, ipime, uimwage mbali na shamba kama haikukaa sawa, ukoroge tena. Usikubali samaki aingie nyumbani mwako kabla ya maji yake.

Na hili ni kubwa kuliko samaki. Utakuwa na watoto, utauguza wazazi, utaongoza watu. Siku itakuja ambapo kila mtu atakulilia ufanye kitu, chochote, sasa hivi, na moyo wako mwenyewe utakuwa wa kwanza kulia. Siku hiyo jiulize: ninalotaka kufanya limeiva, au nataka tu kuacha kuumia? Kama halijaiva, lishikilie. Usikae bure, fanya lile dogo lililo la haki, mkono ukichoka pokezaneni. Wapo utakaowapoteza ukingoja. Lia, kisha endelea. Uthabiti bila machozi ni ukatili, na machozi bila uthabiti huua wengi.

Mungu akujalie mikono isiyotetemeka mbele ya kinachotetemeka. Akupe wa kukuambia "weka chini" unapokosea, na unyenyekevu wa kuweka chini. Kila atakayeingia mlangoni mwako akute ameandaliwa mahali, na kazi yako, hata wakiicheka, isimame wima. Amina.