Alimpoteza Mjomba Mtandaoni, Sasa Anamrudisha Swali kwa Swali

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa. Mlango wa karakana ya cherehani umefunguliwa nusu, na ndani mwanamke wa miaka thelathini na sita amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini. Mteja anaingia amebeba cherehani ndani ya gunia. Kabla fundi hajanyanyua kichwa, mwanamke yule ameshauliza, "Ina shida gani?"

"Inaruka mishono," anajibu mteja. "Na uzi wa chini unajikunja kama kiota."

Anaandika yote, hata hicho kiota. Fundi, ambaye ni mjomba wake, anacheka. "Huyo tunamwita Maswali. We mjibu tu, hatozi."

Kazi ya Maswali haina nyundo wala bisibisi. Anaandika kurasa za tovuti za wafanyabiashara wadogo na kuzipanga vizuri, ili mtu akiandika shida yake kwenye simu na kutafuta, mfanyabiashara anayemlipa atokee miongoni mwa majibu ya juu. Majibu kumi ya mwanzo ndiyo ukurasa wa kwanza. "Watu hawashuki chini," anasema. "Mtu akipata jibu la pili au la tatu likamfaa, ameshaondoka. Ukurasa wa pili anakwenda nani?"

Kwa miaka tisa alikuwa mpokea simu kwenye duka la vipuri vya mabomba. Huko aligundua kwamba watu hawaulizi kitu kwa jina lake, wanauliza shida yao. "Wanasema, 'Dada, kuna kidude chini ya sinki, kinalia.' Kazi yangu ilikuwa kukijua hicho kidude."

Duka lilipofungwa, alijifunza kazi hii kwa kompyuta ya mitumba iliyong'oka kibonye cha N, herufi ambayo Kiswahili hakiwezi kuikwepa. Leo ana wateja sita. Mwezi mzuri humpa sawa na mshahara wake wa zamani, mwezi mbaya nusu yake.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mjomba, na huyo ndiye ambaye Maswali alimharibia.

Mjomba ana miaka sitini na minane, na karakana hii ndiyo iliyomsomesha Maswali. Wateja walipoanza kupungua, mpwa wake alimwomba amruhusu kumtengenezea tovuti. Mzee aligoma kwa miezi mitatu. Kizuri chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza. Mwishowe alikubali, nadhani ili apate amani.

Maswali alikuwa na haraka. Alisoma mahali kuhusu njia ya mkato, akaifuata. Aliandika "fundi cherehani" mara mia mbili chini ya ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Msomaji asingeona kitu, lakini injini ya kutafutia, yaani programu inayopanga majibu ya mtandaoni, ingeyasoma maneno yote na kudhani hapa ndipo penyewe.

Ilifanya kazi. Kwa wiki tatu mjomba alikaa nafasi ya pili, na simu zilifika nane, hata tisa kwa siku. Kisha Jumatatu moja ukurasa ukatoweka. Haukuwa wa pili wala wa hamsini. Injini ilikuwa imeigundua hila ile na kuufuta kabisa kwenye majibu yake.

Mchuma janga hula na wa kwao. Simu zilishuka hadi mbili kwa wiki, na kwa siku kumi na moja Maswali alimdanganya mjomba wake kwamba mtandao unasumbua. Siku ya kumi na mbili alimwambia ukweli.

"Nilisimama pale mlangoni, nataka kukimbia," anasema. "Aliendelea kutia mafuta cherehani ya watu. Halafu akasema, 'Kumbe umepaka rangi juu ya kutu. Haya, kwangua.'"

Kukwangua kumechukua miezi saba. Alifuta kila kitu na kuanza upya. Kila Jumanne na Ijumaa huja kukalia ndoo yake na kuandika wateja wanavyosema mlangoni, neno kwa neno. Kila swali hulitengea sehemu yake kwenye tovuti. Majibu ni ya mjomba, picha ni za mikono ya mjomba, na kila jibu linaanza na jambo ambalo mtu anaweza kujaribu mwenyewe nyumbani.

Hapo ndipo walipogombana. "Nilimwambia, ukiwafundisha watajitengenezea, mimi nitakula nini?" anasema mjomba. "Akaniuliza, 'Mjomba, ujuzi wa miaka arobaini unaogopa mistari mitano?' Nikampa majibu. Huyu ana mdomo."

Maswali haiamini simu yake mwenyewe. Imeshamzoea, anasema, inamwonyesha anachopenda kukiona. Kwa hiyo huwaomba watu kwenye foleni ya benki watafute fundi cherehani kwa simu zao, na mlinzi ameshamfukuza mara mbili. Mwezi uliopita walimkuta mjomba nafasi ya thelathini na nne. Wiki hii ni ya kumi na moja.

Lakini muda umekwisha. Mwenye duka la jirani anataka kununua vifaa vyote na kuchukua chumba, na mjomba ameahidi kumjibu leo.

Saa tano anaingia mwanamke anayeshona sare za shule. Ametoka upande wa pili wa mji, cherehani begani.

"Sindano zilikuwa zinavunjika nikishona jinzi," anaeleza. "Nikaandika hivyo hivyo kwenye simu. Nikamkuta huyu mzee anasema kwanza angalia kama sindano imekaa kinyume. Nikageuza, bado. Nikasema, mtu anayenionyesha njia ya kutomlipa si mwizi. Ndiyo nimekuja."

Mjomba anaweka bisibisi chini. "Ulinikuta wa ngapi?"

"Wa nne."

Maswali anaiomba ile simu, anaangalia mwenyewe, kisha anainamisha kichwa na kulia. Hajifichi, na hakuna anayemwambia anyamaze. Mjomba anatoka nje kumpigia jirani, na sauti yake tunaisikia sote. "Ndugu yangu, vile vifaa bado vina kazi. Tafuta kwingine."

Swali moja si ushindi wote, na Maswali anajua. Kwa anayetafuta fundi cherehani tu, mjomba bado ni wa kumi na moja. Yamebaki maswali sitini na mawili ya kuandika, na amepanga kuyamaliza kabla ya mwaka kwisha, mawili kila wiki. Baada ya hapo anataka kuwachukua mafundi wengine wa mtaa huu, wa viatu na wa saa. Kila mmoja atasimuliwa kwanza habari ya herufi nyeupe.

Namuuliza anatarajia nini hasa kutokana na taabu yote hii. Anamtazama mjomba, ambaye ameshaifungua cherehani ya mshona sare.

"Najua ipo siku atafunga huu mlango," anasema. "Ninachotaka afunge kwa sababu amechoka kazi. Asifunge kwa sababu amechoka kungoja."