Mbegu Zilizokuwa Jikoni kwa Bibi

Wiki iliyopita watu wa afya walipita hapa mtaani Nyasho na mabomba ya dawa mgongoni, wakinyunyizia vibanda vya mama lishe. Harufu ya klorini ilipoingia dirishani, nikaifunika sahani yangu. Tumejuana siku nyingi, wewe na mimi, lakini hiki sijawahi kukusimulia.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, kijijini kando ya ziwa. Ilikuwa miaka ile ya shida, duka la ushirika lina rafu tupu na muuzaji amekaa tu anafukuza nzi. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Ila kula tulikula, maana Bibi alikausha samaki kwa moshi na jiko lake halikuzimika. Nikifumba macho nasikia mafuta ya samaki yakidondokea makaa, naona ugali wa mtama mwekundu unafuka mvuke, na mimi natumwa kuni kabla sijamaliza tonge.

Juu ya mafiga, kwenye fito za paa, yalining'inia mashuke ya mtama wa mbegu, meusi kwa moshi, mdudu hayagusi. Hayakuwa yetu peke yetu. Moshi wa jiko letu ulisifika, hivyo baada ya mavuno majirani wote walileta mbegu zao, kila kaya na kamba yake. Hakuna aliyebakiza hata shuke moja kwake. La nini, na kwa Bibi zipo?

Kipindupindu kikaingia. Tuliambiwa tunawe kwa sabuni, na sabuni yenyewe ilikuwa hadithi. Mama jirani, rafiki wa Bibi, alikula kwetu mchana, jioni akaanza kutapika, akakimbizwa hospitali Musoma. Kesho yake bwana afya akaja na mgambo wawili. Akanyunyiza klorini ua mzima, kisha akasema jiko lichomwe na vyote vilivyomo.

"Chomeni," Bibi alisema. "Ila niacheni nitoe mbegu. Si zangu mwenyewe, ni za watu. Huwa wananiwekeaga."

"Hakitoki kitu, mama. Ni amri. Serikali italipa fidia, balozi wenu wa nyumba kumi huyu hapa ni shahidi."

Bibi akapiga hatua kuelekea mlangoni. Mgambo mmoja akamshika mkono. Nililia mpaka sauti ikakata, maana sikuwahi kuona mtu anamshika Bibi. Paa la nyasi likawaka, na mle ndani mtama ukaanza kupasuka kama bisi. Majirani walisimama uani, kila mmoja anasikiliza mbegu zake.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Bibi alienda ofisi ya kata, akaenda Musoma, akarudi, akaenda tena. Alichodai ni mbegu tu. Watu walishalima, wanasubiri. Kila jioni mtu alipita kusalimia, na salamu haikuisha bila kuuliza, "Eti mama, bado hawajasema?" Mvua ikanyesha juu ya mashamba matupu. Waliokuwa na ndugu upande wa Buswahili walikwenda kuomba vijiti vya mihogo wapande.

Mvua zilipokatika ndipo gari likaja na magunia ya yanga, yale mahindi ya njano ya kutoka nje. Bwana afya naye alikuwemo. Bibi akamuuliza kama ndiyo fidia.

"Hapana, mama. Huu ni msaada."

"Msaada mnampaga mwenye njaa. Mimi sikuwa na njaa. Mmenichomea."

Yule bwana akaita jina linalofuata kwenye orodha. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Pengine moto ule ulituokoa, maana mama jirani alipona na hakuugua mwingine. Hilo nimelikubali ukubwani. Nisilolikubali mpaka leo, na linanichoma, ni kwamba waliowasha moto walikwenda zao, wakamwacha Bibi na majirani zake waangaliane.

Gunia letu Bibi aliligawa lote kwa waliokuwa wameweka mbegu kwake. Sisi tukala mihogo ya kuomba, nami nikanuna.

Akajenga jiko jipya, kubwa kuliko la kwanza, akaweka fito imara juu. Msimu uliofuata watu waliokoteza mbegu za mtama mweupe huku na huko, wakavuna kidogo. Siku za mavuno Bibi alifagia, akasokota kamba, akachochea kuni zile zenye moshi mzuri, akakaa mlangoni. Mama jirani akapita na mashuke kichwani. Akasalimia vizuri sana, akaulizia mgongo wa Bibi, kisha akaenda kuyatundika kwake. Wengine vivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumlaumu, hata kwa utani.

Mtama mwekundu sijauona tena. Nimeuliza hadi sokoni Nyamuswa. Siku hizi mbegu ni za pakiti, kila mtu na zake. Klorini ikinifikia puani namwona Bibi pale mlangoni, kamba mpya mapajani, na moshi unapanda bure.