Shitingi ya Mama Zawadi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposimama mvuani na mfuko wa simenti mkononi, nikiwa tayari kuharibu sakafu ya mjane. Ilikuwa hapa Gisenyi, mtaa wa Nengo, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi mpya, na unawajua mafundi wapya: mwiko mmoja, maneno kumi.

Mjane huyo, Mama Zawadi, alikuwa amerudi kutoka Kongo na watoto wanne. Walilala kwenye kibanda cha shitingi, turubai ile iliyokuwa kila mahali wakati huo, kando ya kiwanja chao. Simenti yake ilitosha sakafu moja tu. Tukiiharibu, wangelala udongoni msimu mwingine mzima wa mvua.

Asubuhi Mzee Silas, fundi wetu mkuu, alinituma nikaazime shitingi kwa jirani kabla hatujachanganya zege. Nikatazama ziwani, anga lilikuwa jeupe kabisa. Sikwenda. Aliponiuliza baadaye, nikamjibu ipo tayari. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi niliyatafuta upande niliopenda. Mvua ilishuka kutoka milimani, upande wa Bugeshi, nyuma ya mgongo wangu, tulipokuwa tumemaliza tu kumwaga.

Mzee akaniambia nilete shitingi. Badala ya kukiri, nikanyakua simenti iliyobaki ili niinyunyize juu ya zege ifyonze maji. Mzee akanishika mkono.

“We kijana, acha. Hiyo simenti itabambuka yote kesho. Kosa moja inatosha leo.”

Kabla sijajibu, Mama Zawadi alikuwa anavua shitingi ya kibanda chake mwenyewe. Mzee akataka kumzuia.

“Acha, muzee,” akasema. “Batoto bakiloa batakauka. Beto ikiharibika, hatuna ingine.” Beto kwake ndiyo zege.

Tukapitisha mbao juu ya sakafu, tukaitandaza juu yake, isiguse zege. Watoto wakajibanza barazani kwa jirani wakicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Namshukuru Mungu, mvua haikukaa. Tulipofunua, maji yalituama pembe moja tu, karibu na mlango. Nikachukua mwiko, si unajua mkono wenye hatia haukai bure. Mzee akaniamuru nichuchumae ningoje. Tuliyavuta maji taratibu kwa kuburuta mpira wa maji juu ya zege, tukasubiri mpaka dole gumba likibonyeza linaacha alama ndogo tu. Ndipo tukalainisha. Zege likakubali, mwanangu! Nilicheka peke yangu kama mwehu kwa jinsi moyo ulivyotua.

Jioni ile nilimwambia Mama Zawadi ukweli wote. Akanipakulia viazi. Vishimo vya matone ya mvua ambavyo mwiko haukuvifuta bado vipo pale mlangoni. Alikataa vizibwe, akisema fundi akipita atavisalimia. Navisalimia hadi leo.

Basi shika haya. Shitingi iwe mkononi kabla maji hayajagusa simenti, na uulize anga pande zote. Mvua ikikuwahi, funika, ngoja, usiongeze kitu. Na ukikosea, sema mapema, kwani asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini anayeficha guu lililovunjika hulipoteza.

Mungu akupe kazi isiyobambuka, mwanangu. Na siku utakapokosea, akupe mtu wa kukushika mkono, na mwingine wa kuvua paa lake kwa ajili ya kazi yako.