Mgongo wa Salehe

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika kibao juu chini, na Mwongozaji akapiga ukelele mpaka kunguru wote wa Temeke wakaruka wakahamia Zanzibar. Wale kunguru mnaowaona Zanzibar leo, ndio hao hao, wajukuu zao.

"Wewe! Hicho kibao au sinia la pilau?"

"Shikamoo bosi," nikamwambia. "Mie kusoma sijui. Herufi za juu na za chini naziona zote ndugu."

Akacheka, nikapona. Asingecheka, leo ningekuwa nachuuza mihogo Tandale na nyie msingepata hadithi.

Kibao, nyie vijana wa simu, ni ubao mdogo una mdomo kama mamba. Juu yake karani anaandika kwa chaki: picha gani, mara ya ngapi. Mie naushika mbele ya kamera, naufumba ule mdomo, paa! Nasepa. Zamani zile picha inaingia mashine moja na sauti inaingia mashine nyingine, hata hazijuani. Baadaye fundi wa kukata anatafuta pale mdomo ulipofumba na pale ilipolia paa, anavifungisha ndoa. Bila kibao, mtu anafungua mdomo leo, sauti inakuja kesho.

Kitengo chetu kilikuwa cha serikali, tuna Landrova moja, kamera moja, na kiburi cha watu mia. Miaka ile ya Ujamaa tulipiga picha za jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kupalilia pamba, jinsi ya kunawa mikono. Nimegonga kibao mbele ya vyoo vingi mno, inzi wa mikoa yote walikuwa wananijua kwa jina. Halafu siku moja Mwongozaji, kijana wa watu mpole ukiondoa makelele ya kazini, katoka masomoni ng'ambo, akaingia ofisini kwa Mkuu wa Kitengo akasema anataka kutengeneza sinema ya baba na mwana.

"Ina jembe?" Mkuu akauliza. Yule bwana alitaka kila picha iwe na jembe.

"Jembe tutaliegemeza ukutani, Mkuu."

"Basi sawa. Ila makopo ya filamu ni hayo hayo. Fedha za kigeni zinanunua mafuta na dawa. Hazinunui machozi."

Hadithi yenyewe nyepesi. Mwana mtu mzima kapata kazi kiwandani, kamwacha baba yake mzee peke yake. Baba anazeeka, mwana haji. Mwisho mwana anarudi, anapiga magoti, baba anampa radhi. Basi. Mwana akachezwa na karani wetu Gervas, kijana wa Ndanda, mwembamba huyo, akisimama upande humwoni. Baba tukamtafuta mitaani mpaka tukampata Tandale: Mzee Kondo, Mzaramo, msuka vitanda vya kamba. Ana uso ule! Mikunjo kama ramani ya mito yote ya Tanganyika. Mpiga Picha Mkuu alipomwona alivua kofia.

Mzee Kondo akawa hodari kuliko wote. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia kasirika, mbuzi wa jirani wanakata kamba. Watu wa mtaa wanajaa kutazama, yeye anasuka kitanda chake mbele ya kamera kama hatupo. Mie tu ndiye nilikuwaga namkera.

"We Kibao," ananiita, na jina limeniganda mpaka leo, "kila nikitaka kusema unanigongea mlango. Ingia basi!"

Mwanawe wa kweli hatukumwona, wala hatukuuliza. Jirani yake, Bi Mwanaidi, mama wa maandazi, ndiye aliyeninong'oneza. Anaye mmoja tu, Salehe. Alikuwa utingo wa lori la kusini. Mama yake alipofariki Salehe alikuwa safarini, masika imeiva, lori limekwama huko Rufiji. Alipofika Tandale, mama keshazikwa, matanga yameanuliwa. Mzee akasema mbele ya watu wote: "Maiti haingoji tope. Na mie nikifa, huyu asinizike. Asiguse jeneza langu." Salehe akaondoka, akaenda Kawe kuponda kokoto. Mzee hajalitaja jina lake tena.

Nyie mnajua uzito wa neno hilo kwetu. Mtoto wa kiume kukatazwa kumbeba baba yake, ni heri akatwe mkono.

Tukapiga picha yote vizuri, ikabaki ile ya mwisho, ya radhi. Na kopo likabaki moja. Kopo la filamu likiisha, hakuna duka la kukimbilia. Tena ukishapiga huoni kitu, filamu inapanda ndege kwenda ng'ambo kuoshwa, inarudi baada ya miezi. Kwa hiyo lile kopo tulilichunga kama yai la kunguru mweupe.

Asubuhi ile Gervas akapiga magoti uani kwa mzee, pembeni kitanda kimesukwa nusu, bakuli la maji lipo, jembe la Mkuu limeegemea ukuta. Mwongozaji akamwambia mzee, "Hapa unachukua maji mdomoni, unampulizia kichwani, unasema, mwanangu nimekuridhia." Ndivyo baba wa Pwani anavyotoa radhi, na Mwongozaji alitaka iwe kama ilivyo.

Mzee Kondo akalitazama bakuli. Akamtazama Gervas.

"Sifanyi."

"Mzee, jana tulielewana."

"Jana mlisema nitamsamehe. Kusamehe mie naweza, hata huyu Kibao nimemsamehe. Maji sipulizi."

Gervas akiwa magotini akasema, "Baba, huu ni mchezo tu."

"Mdomo haujui mchezo, mwanangu. Radhi ikitoka imetoka. Radhi si togwa, kumkingia kila apitaye. Nikikupa wewe mtoto wa watu, wangu atakuta nini?"

Akashtuka, kama mtu aliyejikata kisu. Watu wote uani wakanyamaza. Hata Bi Mwanaidi, ambaye hata usingizini huongea.

Miaka yote ile mtaa mzima unajua Mzee Kondo keshamkana mwanawe. Kumbe anamtunzia radhi yake!

Mwongozaji akachuchumaa karibu naye. Hakuwa mtu wa makelele tena. "Mzee, huyo wako yuko wapi?"

"Sina mwana."

"Basi hayo maji unamwekea nani?"

Mzee akashika kamba zake akaanza kusuka.

Mpiga Picha Mkuu akanung'unika. "Jua linapanda, kivuli kinatukimbia. Apulize mdomo mtupu, tupige tuondoke. Mkuu anangoja."

Mwongozaji akasema, "Hapana. Nani anajua mwanawe aliko?"

Bi Mwanaidi alikuwa keshaingia kwenye Landrova, tena kiti cha mbele. "Mnangoja nini? Washeni!"

Dereva aliendesha hadi Kawe kwa kasi, matairi yanagusa chini kwa heshima tu. Tukamkuta Salehe kwenye kokoto, mtu mzima, mabega kama mlango wa msikiti, mweupe wa vumbi kama mzuka. Bi Mwanaidi akamweleza yote, kwa kupayuka. Salehe akaweka nyundo chini.

"Shangazi, baba kaniita?"

"Hajakuita. Kakataa kumpa mwenzio kilicho chako. Wewe unataka uitwe kwa tarumbeta?"

Akapanda. Njiani anakung'uta vumbi mikononi na haliishi. Tulipokaribia Tandale akanigeukia.

"Kaka, ni kweli au ni sinema?"

"Sijui, kaka," nikamwambia. "Mie kazi yangu kugonga kibao."

Tulipofika mzee anasuka bado. Hakuinua macho. Mwongozaji akamvuta Salehe nyuma ya nyumba, akamwambia kwa adabu: "Mzee wako hakunituma nikulete. Ukitaka kamera nitaifunga, muongee wenyewe. Ukiniruhusu, nitaiweka nyuma yako, hutaonekana uso."

Salehe akasema, "Weka. Mie nimezoea kusimama nyuma ya watu. Ila radhi isije ikaniponyoka, bwana, sina nyingine."

Lakini sinema ina sheria yake: mtu akiwa na shati la bluu mlangoni, hawezi kuingia ndani na la kijani. Gervas akavua shati, Salehe akalivaa. Lo! Likapasuka mgongoni likalia kama kibao changu. Bi Mwanaidi akalifunga kwa pini za kanga, likafaa.

Salehe akaenda uani akapiga magoti. Mwongozaji akatoa ishara, kamera ikaanza kunguruma. Mie kibao mkononi. Nikapiga hatua, Mwongozaji akanishika kiuno. "Usigonge," akaninong'oneza. "Tutagonga mwisho." Hiyo ipo katika kazi yetu: ukiogopa kumshtua mtu, unagonga mwishoni, na hapo kibao unakishika juu chini, fundi aelewe. Nikakigeuza. Kumbe siku yangu ya kwanza nilikuwa najua kazi kabla ya wakati wake!

Salehe kainamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. "Shikamoo, baba."

Kamba ikasimama mkononi mwa mzee. Hakuitikia. Filamu inakwenda, nasikia inavyokwenda, trrrrr, kopo la mwisho la serikali, na mzee anatazama kile kisogo chenye vumbi. Mpiga Picha Mkuu jasho linamtiririka, hathubutu kupangusa.

Mzee akasema, "Lori lilikwama wapi?"

"Rufiji, baba. Kabla ya kivuko."

"Mlikula nini huko?"

"Maembe mabichi, baba."

"Maembe mabichi." Mzee akatikisa kichwa. "Na tumbo lako lile. Mama yako alikuwa anauliza, atakuwa anakula nini huko? Mpaka mwisho aliuliza hivyo tu."

Salehe mgongo ukaanza kutikisika, pini za Bi Mwanaidi zinaruka moja moja. Hakuna aliyeandika maneno hayo, wajukuu zangu. Mwongozaji karatasi yake ilikuwa imeanguka chini, kuku anaitembelea.

Mzee akachukua bakuli, akajaza maji mdomoni. Pfuuu! Yakamwagika kichwani, mabegani, kwenye shati la watu. "Radhi zangu na za mama yako. Nikifa, kichwani ushike wewe. Na hilo shati ukalirudishe kwa mwenyewe, umelichana."

Mwongozaji akanigeukia, nikajua ndio wakati wa kugonga. Nikanyanyua kibao. Akakitazama, akawatazama wale wawili, akakishusha kwa mkono wake. "Acha," akasema. Filamu ikaisha yenyewe ndani ya mashine, ikawa inapiga tap, tap, tap, na hakuna aliyeizima.

Ofisini Mkuu alifoka. "Hakuna kibao! Sauti mtaioanisha na nini?" Fundi wa kukata akaoanisha na yale maji. Pale yanapoonekana yanatoka, na pale yanapolia pfuuu. Yakakaa sawasawa. Na jembe lilionekana vizuri, Mkuu akaridhika.

Filamu ilichelewa huko ng'ambo. Iliporudi, Mzee Kondo alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Salehe alimwosha, akashika kichwani mwa jeneza, akashuka kaburini. Mie nilikuwepo.

Tukaipeleka sinema Tandale kwa gari, tukafunga shuka jeupe ukutani baada ya magharibi. Watu kama siafu, wengine walikaa juu ya mapaa, wengine juu ya wenzao. Picha nzima mwana ni mwembamba kama ufito. Kufika mwisho, anapiga magoti, mgongo umekuwa kama kabati! Kijana mmoja akapiga kelele, "Huyu kala nini huko kiwandani?" Tandale nzima ikavunjika mbavu. Gervas naye alipongezwa mtaani mwaka mzima kwa jinsi alivyolia, na hakukanusha, mshenzi yule.

Lakini mie nilikuwa namtazama Salehe. Alikaa chini mbele kabisa. Watu wanacheka, yeye katoa macho kwenye shuka. Ilipokwisha akaja kwenye mashine.

"Kaka Kibao. Rudisheni."

"Umependa mgongo wako?"

"Siku ile niliinama," akasema. "Baba sikumwona. Kumbe alikuwa ananitazama hivi."

Tukarudisha. Uso wa Mzee Kondo ukajaa kwenye shuka lile, mito yote ya Tanganyika imefurika, anamtazama mwanawe kabla hajachukua maji. Salehe akasimama karibu mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha, na hakuna aliyemwambia akae.

Baada ya hapo nilihamishiwa taa, kisha jenereta, kisha gari, mpaka nikastaafu. Sasa nakaa Temeke na mgongo wangu mbovu, mwanangu yuko Tabata. Mtu mzima, ana kitambi chake. Tumegombana juzi kwa jambo la kipuuzi, nimemwita mpumbavu na nusu, ile nusu nilimwongezea bure. Najua atakuja Ijumaa, ataingia kichwa chini kama walivyo wote.

Nitamwambia: inua uso, bwana, nitazame sasa hivi. Mie sina mpiga picha wa kukuwekea uso wangu.