Vikombe Viwili vya Chumvi

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Nilipoolewa Sumbawanga mama yangu alinipa sufuria tatu, blanketi zito la manyoya, na sheria moja: baba mkwe haangaliwi usoni. Wala hazungumzishwi. Akija mbele unapita nyuma, akiingia sebuleni unatokea jikoni, na kula mbele yake ndiyo usithubutu kabisa. Mume wangu ni Mfipa, na kwao mambo hayo hawayakazanii hivyo. Akaniambia, "Achana na hayo bwana, mzee wangu hana neno." Nikamwambia hana neno yeye, mama yangu analo.

Ilikuwa rahisi kuwa mkwe mwema wakati mzee yuko Kipili, huko chini ziwani, alikotengeneza injini za boti miaka yake yote. Lakini mama mkwe alipofariki, na magoti ya mzee yakaanza kugoma, mume wangu akamleta kwetu, mtaa wa Izia hapa Sumbawanga. Alishuka kwenye gari na begi moja, rozari shingoni, na dumu la maji lililokatwa juu. Ndani ya dumu mlikuwa na samaki.

Samaki mmoja! Urefu wa kidole cha kati, mweusi, ana mkanda wa njano kiunoni kama amevaa sare. Rafiki zake wa ziwani walimpa awe naye huku juu kwenye baridi. Mume wangu akatafuta tangi la kioo, hita ya kupasha maji na kipampu cha kupuliza hewa, akaliweka sebuleni palipokuwa na redio. Halafu yeye akarudi kazini, kwenye ujenzi wa barabara, ambako huja nyumbani Jumamosi tu. Tukabaki watatu: mimi, mzee nisiyemtazama, na samaki.

Nyumba yetu ina korido moja, nyembamba. Miezi ya mwanzo nilicheza kombolela na mzee wa watu kwenye korido hiyo mpaka nikakonda. Nikisikia fimbo yake tok, tok, najitupa chumba cha karibu. Siku moja chumba cha karibu kikawa cha kwake mwenyewe, na ndiko alikokuwa anakwenda. Nilitokea dirishani. Mwalimu mzima wa darasa la tano, gauni limenasa kwenye kitasa, jirani ananiuliza, "Mwalimu, kulikoni?" Nikamwambia nafuta vioo.

Nilicheka, lakini moyoni iliniuma. Nafundisha watoto wa watu kuamkia, na mzee wa nyumbani kwangu simwamkii. Namwekea chakula mezani, nagonga meza mara mbili, natoweka. Nasikia anakula peke yake, kijiko kinagonga sahani, kisha kimya. Mtu aliyefiwa na mke anakula hivyo kila siku, na mimi niko jikoni nimejibanza nyuma ya mlango.

Aliyeanza ni yeye. Asubuhi moja nilikuwa nafagia nyuma ya kochi akaingia ghafla, na mlango wa jikoni ukawa upande wake. Nikageukia ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu. Nikasikia anakohoa, anasema, "Wewe samaki. Hebu mwambie mama hapo ukutani kwamba uji wa leo ulikuwa mzuri, ila sukari imezidi."

Weee! Nilicheka mpaka ufagio ukaniponyoka. Nikauambia ukuta, "Samaki, naomba umwambie baba kwamba sukari anatia yeye mwenyewe."

"Samaki, mwambie basi vijiko vyake ni vikubwa mno."

Tangu siku hiyo samaki akapata ajira. Nikiamka nasema, "Samaki, nifikishie shikamoo," na marahaba inatoka kwenye kochi. Akitaka maji ya kuoga, anamtuma samaki. Nikitaka kujua kama atakwenda misa ya kwanza au ya pili, namuuliza samaki. Jumamosi moja mume wangu alisimama mlangoni akatusikiliza, mimi nimeangalia dirisha, baba yake ameangalia dari, wote tunamsimulia samaki habari za mahindi ya shamba la ndugu zao kule Kaengesa. Akasema nyumba yake imeingiliwa na pepo. Sisi hatukumjali. Mimi nilikuwa na furaha, nasema kweli: sheria ya mama sikuivunja, na mzee nilikuwa naye.

Sasa ikaja Juni. Juni ya Sumbawanga haina adabu hata kidogo. Upepo unapita chini ya mlango unakushika miguu, na ulezi wa kusaga ndiyo kwanza unanoga kwa sababu kila mtu anataka uji. Nilikuwa likizo, niko nyumbani kutwa. Umeme ukakatika siku nzima, na ya pili yake pia. Hita ikapoa, kipampu kikanyamaza, na samaki wa watu, aliyezaliwa kwenye maji ya vuguvugu ya Ziwa Tanganyika, akakaa kwenye maji baridi kama ya kisima.

Umeme uliporudi alikuwa amebadilika. Vidoa vyeupe vimemjaa mwilini, kama amenyunyiziwa sembe. Anajikuna kwenye mawe, anahema haraka haraka, chakula anakiangalia tu. Nikaingia kwenye simu nikasoma: vijidudu hivyo huwapata samaki waliopigwa baridi, na dawa yake ni kupandisha joto taratibu, kubadilisha maji, na chumvi. Mzee hakuhitaji simu. Kule ziwani aliwahi kuona wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wakiwatibu wao vivyo hivyo.

Kwa hiyo dawa sote tuliijua. Shida ilikuwa moja: tutaambianaje? Mjumbe wetu ndiye mgonjwa! Nilisimama mbele ya tangi nikafungua mdomo, "Samaki, mwambie baba...," nikamwona anavyohema, nikafunga mdomo. Utamtumaje mtu aliye katika hali hiyo? Ni ukatili. Na mzee naye, kumbe, aliona aibu ile ile. Alipita mara mbili, akaguna, akaenda zake. Nyumba ikarudi kimya kama zamani, na mimi nikajua wazi kwamba samaki huyu akifa, kimya hiki ndicho kitakachobaki, na mzee atakuwa amefiwa mara ya pili chini ya paa langu.

Nikaamua kutenda. Mzee alipokwenda kujilaza mchana, nikachukua kikombe cha chai, nikajaza chumvi mpaka ukingoni, nikaikoroga kwenye jagi na kuimimina polepole tangini kama simu ilivyoelekeza. Nilijisikia daktari. Nikakaa kusubiri apone.

Alasiri samaki alilala ubavu. Ubavu kabisa, anapepea pezi moja. Nikapiga kelele ya kimya, nikakimbilia jikoni. Nilifikiri dawa imekuwa ndogo. Nikajaza kikombe cha pili, nikatoka mbio na chumvi inamwagika kwenye korido, na pale kwenye tangi nikagongana na mtu.

Ni mzee. Mkononi ana kikombe. Cha chumvi.

Tulitazamana. Jamani, tulitazamana uso kwa uso, mimi na baba mkwe wangu, kila mmoja na kikombe chake. Nikaangalia cha kwake, akaangalia changu. Nikaona macho yake yanapiga hesabu, na mimi yangu yanapiga.

"Baba!" Neno lilinitoka lenyewe. "Baba, na wewe uliweka?"

"Asubuhi," akasema. "Ulipokwenda kununua mkaa. Wewe?"

"Mchana! Ulipolala!"

"Mungu wangu, tumemkausha kama dagaa!"

Hapo tena nani anakumbuka sheria? Nilidaka jagi, yeye akadaka bakuli, tukaanza kuchota maji ya tangi na kumwaga nje kama mtumbwi unazama. Maji safi yalikuwemo kwenye pipa, yametuama tangu jana, lakini baridi ya pipa lile ingekukata meno. Nikabandika sufuria kubwa. Mzee akawa anachanganya kwenye ndoo, anachovya kiwiko kama anaandaa maji ya kuogeshea mtoto mchanga, na ananipigia kelele, yule mzee mpole wa rozari!

"Lete ya moto! Ngoja! Si yote, utampika! Mimina pembeni, pembeni nimesema, taratibu!"

"Baba, mimi nina mikono miwili tu!"

"Basi itumie!"

Nilimfokea baba mkwe. Mimi, binti wa mama yangu. Nilisimama nimeshika mdomo, nikingoja paa litudondokee. Mzee akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka ameshika ukingo wa meza, na mimi nikashikwa, tukacheka tumelowa chapachapa, kitenge changu kinadondosha maji kwenye zulia, huku tunaendelea kuchota. Tulichota na kumimina, kidogo kidogo, mpaka jua likawa linagusa paa la jirani. Samaki alitingisha mkia. Akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, akasimama, akakaa wima amekunja uso kama mtu aliyeamshwa na kelele za wapangaji.

"Huyoo!" mzee akasema. "Huyoo!"

Nilipokuwa nafinya kitenge ndipo hofu ikaniingia. Nikampigia mama simu Tukuyu nikamwambia yote, maana mama yangu usipomwambia wewe ataambiwa na watu. Mama akatoa hukumu, kwa ile sauti yake ya kikao.

"Mgonjwa ni mgonjwa, awe mtu awe samaki. Penye mgonjwa, anayeuguza anaongea na yeyote, na hapo hakuna kosa. Muuguze na mkwe wako. Akishapona tu, urudi kwenye heshima yako. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia. Nilirukaruka jikoni peke yangu, nikaenda sebuleni, nikamtangazia mzee uso kwa uso: tumepewa ruhusa. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza ruhusa hiyo ni ya muda gani. Nikamwambia mpaka apone. "Ahaa," akasema, akageukia tangi.

Tukauguza. Lile blanketi la manyoya nililopewa na mama tulilizungushia tangi, likabaki dirisha dogo la kuchungulia. Umeme ukikatika, tunatumbukiza chupa za maji ya moto ndani, mzee anachota kwa bakuli na kumwaga kutoka juu ili maji yapate hewa, tunapokezana. Kila asubuhi tunabadilisha ndoo moja ya maji, na chumvi anapima mmoja tu mbele ya macho ya mwenzake. Na tunaongea. Weee, tuliongea! Alinisimulia injini zilizozimika katikati ya ziwa na abiria wakaanza kuungama dhambi kwa sauti, hadi mmoja akaungama ya jirani yake aliyekaa naye. Nikamsimulia mwanafunzi wangu anayeomba ruhusa ya kwenda kuzika bibi yule yule kila muhula. Akanisema ugali wangu laini. Nikamwambia apike yeye. Akapika, tena mgumu wa kujengea nyumba, tukaula kwenye meza moja, na wala sikuona aibu.

Jumamosi mume wangu alifika, akatukuta tumeinama kwenye blanketi tunabishana kuhusu kipimajoto. Akasema, "Kumbe mnafahamiana?" Tukamwambia anyamaze, kuna mgonjwa.

Siku ya saba madoa yakaisha. Ningefurahi, na nilifurahi, lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine. Nitasema kama kilivyokuwa: nilitamani aendelee kuumwa. Kidogo tu, asiteseke, ila asipone. Aibu iliyoje, kumwombea kiumbe wa Mungu maradhi! Mzee akasema dawa haiachwi siku hiyo hiyo, wale watu wa ziwani walikuwa wanaongeza siku tatu. Siku hizo tatu nilizila kama mtoto anavyolamba sukari, punje punje.

Siku ya kumi niliamka mzito. Nikatoa blanketi kwenye tangi kwa mara ya mwisho, nikalikunja. Samaki alikuwa anaruka huku na huku, mweusi anang'aa, mkanda wake wa njano umeiva, anafukuza kivuli chake mwenyewe. Anakula mpaka anatia hasira. Mzee alikuja na fimbo yake, akaniitikia shikamoo, akavaa miwani. Akainama kwenye kioo. Alikaa hapo muda mrefu sana, pua karibu inagusa, na mimi nimesimama nyuma yake na jagi, sijui nilipeleke wapi.

"Vipi, baba?" nikauliza. "Amepona?"

Akapangusa miwani kwa shati, akaivaa tena.

"Bado naona doa," akasema. "Moja. Hapo chini ya pezi."

Nikainama kando yake, bega kwa bega. Nikamtazama samaki upande huu, akageuka, nikamtazama upande ule. Pezi lilikuwa safi. Samaki mzima alikuwa safi kuliko siku aliyoingia nyumbani kwangu. Nikamgeukia mzee, lakini yeye alikuwa ameng'ang'ania kuangalia majini, mkono wake umeshika ukingo wa tangi kwa nguvu.

"Mimi naona mawili, baba," nikasema, nikaenda jikoni kubandika maji.